Mikono ya Kuazima

Vyungu vyote vilifanana, na hilo ndilo lililomchefua Mwalimu Tusekile.

Alipita kati ya meza za Darasa la Kwanza akiviinua kimoja kimoja, akivigeuza na kuvirudisha. Shingo ya hiki ilikuwa shingo ya kile. Unene uleule, mkunjo uleule wa mdomo, hata alama ya kidole iliyobonyezwa ubavuni iwe pambo ilikuwa palepale kwa kila chungu. Ungedhani vimefinyangwa na bibi mmoja wa kule Ziwa Nyasa aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, wala si watoto ambao mwaka jana walikuwa wakiula udongo huohuo.

"Sekela," alimwita binti mwenye pengo la meno ya mbele. "Hiki chako umekifanyaje?"

Sekela alikitazama chungu chake kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Sijui, Mwalimu. Kimejifanya."

"Hakuna chungu kinachojifanya."

"Basi mikono ndiyo imekifanya," Sekela alisema, akainua viganja vyake vilivyovikwa glavu nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliinua kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha mbuzi wa jirani.

Glavu hizo watu walizoea kuziita mwenza. Kila mtoto alivishwa jozi yake asubuhi akiingia darasani na kuvuliwa mchana akitoka, na juu ya ubao kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ya kijani kilichoziongoza zote. Mtoto akishika kalamu, mwenza aliviongoza vidole. Akifunga kamba za viatu, mwenza alifunga naye. Somo lenyewe kwenye ratiba liliitwa Elimu kwa Vitendo, na shule yao ya Itekelo ilikuwa ya kwanza wilayani kwa alama. Wageni walikuja kutoka mbali kupiga picha za vyungu.

Tusekile alikuwa amefundisha darasa la kwanza tangu enzi za kuhesabia vizibo vya soda. Alikuwa amefuta kamasi za watoto ambao sasa wana watoto. Alijua chungu cha mtoto wa miaka sita kinavyopaswa kuonekana: kama kiazi kilichokanyagwa na ng'ombe. Hivi vilivyokuwa mbele yake vilimtia hofu, na kwa kuwa hakuna mtu mzima shuleni aliyeiona hofu hiyo, ilikuwa imegeuka hasira.

"Haya, oneni mikono, uji umefika," alisema. Kisha akasikia alivyokosea. "Osheni! Osheni mikono. Mnanichanganya nyie."

Wapishi waliingia na ndoo. Vikombe vya bati vilijazwa, watoto wakavishika kwa mikono miwili, na darasa zima likainua vikombe kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, kama kwaya inayofungua vitabu vya nyimbo.

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Radi ilipasuka juu ya kilima chenye mnara ulioendesha kisanduku, madirisha yakatetemeka, na ile taa ya kijani ikazimika.

Vikombe vilisimama njiani, katikati ya meza na midomo.

"Endeleeni kunywa," Tusekile alisema.

Hakuna aliyekunywa. Watoto waliitazama mikono yao, wakingoja. Mmoja alishusha mdomo kukifuata kikombe, kama ndama. Wengine mikono iliwalegea polepole, uji ukamwagika mezani, na hawakufanya lolote ila kuutazama unavyotambaa.

"Jamani! Kunyweni! Ni uji tu, hata kuku anajua kunywa!"

Ndipo alipomwona Lugano. Mtoto huyo, mnene, mcheshi, alikuwa amekishika kikombe chake barabara kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka. Hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia vidole vyake jinsi mtu anavyoangalia mlango akingoja mtu afungue.

"Lugano, kuna nini?"

"Kinaunguza."

"Sasa si ukiache!"

Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Haijaachia, Mwalimu."

Tusekile alikipiga kikombe kile kwa kofi kikaruka mpaka ukutani. Alimvua Lugano zile glavu, akamkimbiza nje na kuiweka mikono yake chini ya maji ya paipu, huku mvua ikiwanyeshea wote wawili. Viganja vilikuwa vyekundu kama nyama. Joto lilikuwa limepanda taratibu, na mtoto alikuwa ameking'ang'ania kikombe, akisubiri mkono wake umwambie basi.

*

"Malengelenge mawili," alisema Mwalimu Mkuu Kyando siku ya pili yake ofisini. "Nimeongea na baba yake. Hana kinyongo."

"Mwalimu Mkuu, mimi siongelei kinyongo."

"Zahanati wamesema wiki moja tu amepona."

"Mtoto alisahau kwamba mkono ni wake!"

Kyando alivua miwani akajifikicha macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo pia lilimuudhi Tusekile, maana mtu mbaya ungeweza kumchukia ukapumzika. Pembeni yake aliketi Injinia Rweikiza, kijana wa kampuni iliyoleta glavu, suruali imejaa tope la kule mnarani. Mnara ulikuwa umetengenezwa. Taa ya kijani ilikuwa inawaka tena.

"Mama, naomba nieleze kidogo," Rweikiza alisema kwa adabu. "Watu wanadhani sisi tumeandika mchoro wa chungu tukauweka ndani ya kisanduku. Hapana. Kila glavu inausikiliza mkono uliomo. Inapeleka ilichosikia kwenye kisanduku, kisanduku kinachanganya mikono yote ya darasa, kinatafuta njia iliyo bora, kisha kinairudisha kwa kila mtoto kwa mitekenyo midogo kwenye misuli. Hao watoto wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Ni ujirani mwema, kwa kweli."

"Na kwa nini vyungu vyote ni kimoja?"

"Kwa sababu bora ni moja, Mama."

Tusekile alicheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Mwanangu, umewahi kumlea mtoto?"

"Bado."

"Inaonekana."

"Mwalimu Tusekile," Kyando aliingilia. "Serikali inataka elimu kwa vitendo. Mtoto awe katikati, mikono yake itende. Si ndivyo sote tulivyofundishwa chuoni? Basi pale darasani mikono inatenda."

"Inatendwa, Mwalimu Mkuu."

Rweikiza akaangalia viatu vyake.

"Nataka kuwavua," Tusekile alisema. "Darasa zima. Watumie mikono waliyopewa na Mungu. Wamwage, wavunje, wakosee."

"Na Ngwisa?" Kyando aliuliza kwa upole.

Ngwisa alikaa karibu na dirisha. Siku ya kuzaliwa kwake hewa ilimchelewa, na tangu hapo mikono yake ilikuwa ikitetemeka na kupinda, kila mmoja ukienda njia yake. Akili yake ilikuwa nzima, kali kama wembe. Kabla ya mwenza hakuweza kushika kijiko. Sasa alikula mwenyewe na kuandika jina lake.

"Ngwisa abaki na za kwake," Tusekile alisema.

Rweikiza alitikisa kichwa. "Haiwezekani, Mama. Za kwake zinaazima. Mkono wake mwenyewe hauwezi kuifundisha glavu, unatoa kelele tupu. Anachoandika nacho ni mikono ya wenzake. Ukiwavua wote, hana pa kuazima."

"Anahitaji wangapi?"

"Darasa zima ndiyo vizuri."

"Sikuuliza kilicho kizuri. Nimeuliza wangapi."

Kijana alikuna kidevu. "Watoto sita wanaweza kumbeba. Kwa muda mfupi. Lakini mwandiko utakuwa wa ovyo, siwezi kukudanganya."

"Hakuna atakayevuliwa," Kyando alisema, akavaa miwani. "Mada imefungwa."

*

Maneno ya ofisini yana miguu. Jioni ileile, mama yake Ngwisa alikuwa anamsubiri Tusekile getini, bado kavaa aproni ya kiwanda cha chai, mwavuli mkononi. Aliitwa Atuganile, mwanamke mwembamba asiyependa kuzunguka.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia unataka kumvua mwanangu mikono."

"Marahaba. Si hivyo, Mama Ngwisa."

"Ni vipi, basi?"

Tusekile alieleza. Alieleza juu ya vyungu, juu ya kikombe, juu ya Lugano aliyelia kimya. Atuganile alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Yule mtoto nilimlisha kwa mkono wangu huu mpaka akafika umri wa kwenda shule," alisema. "Kijiko kwa kijiko. Nikichelewa kazini, analala na njaa, maana hata bibi yake alikuwa hamwezi. Siku ya kwanza alipojilisha mwenyewe nilitoka nje nikajifanya naokota kuni. Sasa unaniambia hao wengine hawawezi kujifunza mpaka wamwage uji?"

"Ndiyo. Hawawezi."

"Basi wamwage wa kwao. Usimwage wa mwanangu."

Aliondoka. Tusekile alibaki getini akinyeshewa, amekereka kuliko alivyokereka wiki nzima. Namna ya kumkasirikia Kyando aliijua. Rweikiza pia. Lakini huyu mama alikuwa na haki, na mwenye haki hana pa kushikwa. Na Lugano naye alikuwa na haki. Haki mbili zilikuwa zimekaa kwenye dawati moja, zinasukumana, na yeye ndiye mwalimu wa zamu.

*

Asubuhi iliyofuata hakumvisha mtu glavu. Aliziacha kwenye trei yake mlangoni, akawakalisha watoto kwenye mkeka.

Alikuwa amewaza jambo moja njiani, jambo la aibu. Watu wazima watatu walikuwa wamebishana kuhusu mikono hii, na mama mmoja akaja kuitetea, na hakuna hata mmoja, yeye akiwemo, aliyewauliza wenye mikono.

Kwa hiyo aliwaambia. Aliwaambia kwa maneno mafupi jinsi mwenza anavyofanya kazi, na kwa nini Lugano aliungua, na kwa nini Ngwisa anaweza kuandika.

"Kwa hiyo nikiandika, ni Sekela?" Ngwisa aliuliza. Aliongea polepole, akiyavuta maneno, lakini darasa lilikuwa limemzoea.

"Ni Sekela, na Lugano, na wote hawa. Pamoja na wewe."

"Ndiyo maana," Ngwisa alisema kwa kuridhika. "Nilikuwa najua si mimi peke yangu."

"Sasa nyie mnataka nini?" Tusekile aliwauliza wote.

Walitaka mambo mengi. Mmoja alitaka uji wenye sukari zaidi. Mwingine alitaka kwenda chooni. Tusekile aliuma meno. Chuoni walimfundisha kwamba mtoto ni kitovu cha elimu, ila hakuna aliyemwonya kwamba kitovu kina kelele kiasi hiki.

"Aazime wangu," Sekela alisema ghafla.

"Wako? Na wewe utafinyangia nini?"

Sekela aliwaza, ulimi ukichungulia pengoni. "Kesho."

"Kesho nini?"

"Kesho ataazima wa mwingine. Mimi nitafinyanga."

"Ngwisa, na wewe?" Tusekile alimgeukia. "Wewe unataka glavu wakati gani?"

Watoto wote walimtazama. Ngwisa alifikiri kwa muda mrefu, mikono yake ikicheza mapajani.

"Kula," alisema. "Na kuandika. Wakati wa udongo sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

"Udongo nikiuharibu, unarudi."

Hivyo ndivyo zamu zilivyoanza. Watoto sita walivaa saa ya kuandika na saa ya uji, pamoja na Ngwisa, na wengine wote walibaki mikono mitupu. Kesho yake sita wengine.

Wiki hiyo ilikuwa balaa. Vifungo vya mashati vilifungwa juu chini. Uji ulifika kwenye dari, na mpaka leo hajulikani aliyeurusha. Sekela alifinyanga kitu kilichofanana na kiatu cha mlevi, akalia kwa sauti kubwa mpaka mwalimu wa darasa la tatu akaja kuuliza kama kuna msiba. Herufi zilianguka chali. Mara mbili Tusekile aliwafokea, mara ya pili kwa ukali uliomfanya atoke nje kupumua. Alipokuwa huko nje alijiambia ukweli: ilikuwa rahisi zaidi wakati wa glavu, kila kitu kilipokuwa kimekosewa kwa namna ya kupendeza.

Na zamu zenyewe hazikumpa usingizi mtamu. Bado alikuwa anachukua mikono ya watoto sita kila siku. Kuwaomba hakukuifanya iwe bure. Mtoto wa umri huo humkubalia mwalimu wake hata akimwambia jua ni la kijani. Alichoweza kusema kwa kujitetea ni kwamba sasa walijua wanatoa nini, na kesho yake walirudishiwa.

Mwandiko wa Ngwisa ulikuwa wa ovyo, kama Rweikiza alivyosema. Siku moja herufi zililala, siku nyingine zilivimba, kutegemea na nani amemwazima. Mama yake alikuja mchana mmoja, akasimama mlangoni akimwangalia mwanawe akijilisha uji, kidogo ukimdondokea kifuani. Kisha akakitazama kibao chake cha kuandikia.

"Inasomeka," alisema. Hakushukuru wala hakulalamika. Aliondoka kurudi kiwandani.

Ni Lugano aliyegundua jambo jingine kuhusu glavu. Viganja vyake vilikuwa vimepona, na siku ya zamu yake, katikati ya kuandika, pua ikamwasha. Aliuvuta mkono, akaukunja ngumi na kujikuna.

"Imenyamaza!" alipiga kelele. "Mwalimu! Nikikunja ngumi inanyamaza!"

Ikawa hivyo. Ile mitekenyo ilikuwa midogo mno kuushinda mkono unaokataa. Siku zote ilikuwa midogo hivyo. Watoto hawakuwahi kuijaribu kwa sababu hawakuwahi kuwa na mkono mwingine wa kulinganisha nao. Darasa zima lilitaka kuona, wote wakagombania trei ya glavu, na kwa asubuhi nzima hakukuwa na somo lingine ila kukunja na kukunjua. Tusekile aliwaacha. Koo lilikuwa limemkauka kwa kufoka.

*

Alama za darasa zilikuwa zinakwenda zenyewe mpaka wilayani, kwa hiyo haikuchukua muda. Jumatatu Mwalimu Mkuu Kyando aliingia Darasa la Kwanza bila kubisha, akaviona vile viazi vilivyokanyagwa na ng'ombe vimepangwa dirishani.

"Mwalimu Tusekile," alisema kwa sauti ya chini, "umenifanya mtoto mdogo."

"Nilikuambia, Mwalimu Mkuu."

"Na mimi nilikuambia! Wiki ijayo nina wageni. Niwaonyeshe hivi?" Aliinua kiatu cha mlevi cha Sekela akakirudisha haraka. "Kuanzia leo darasa hili nalifundisha mwenyewe. Wewe kaa nyuma. Ukimaliza kukaa, tutaongea habari ya uhamisho."

Tusekile alikwenda nyuma. Alijua alivunja amri, na alijua kesho wangeweza kumpeleka popote. Alisimama kando ya kabati, magoti yakimuuma, akamtazama mtu mzima huyu akiwavisha watoto glavu mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu kabisa, kama baba anayevalisha wanawe nguo za kanisani. Watoto walinyoosha mikono wakavikwa. Hakuna aliyekataa.

"Haya," Kyando alisema. "Leo tunafinyanga chungu. Udongo mbele yenu. Anzeni."

Taa ya kijani iliwaka juu ya ubao. Hakuna udongo uliosogea.

Kyando alikitazama kisanduku, akakigonga. Akawatazama watoto. Juu ya karibu kila meza, kando ya bonge la udongo, kulikuwa na ngumi mbili ndogo.

"Fungueni mikono."

Wachache waliogopa wakafungua, wakaangaliana, wakafunga tena.

"Sekela, fungua mkono."

"Hautaki, Mwalimu Mkuu."

"Nini hakitaki? Glavu?"

"Mimi," Sekela alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sitaki. Nataka kufanya changu."

Kyando aligeuka kumtazama Tusekile kule nyuma, uso umewiva. Tusekile akatikisa kichwa. Hakuwa amewafundisha hilo, wala hakuwa amelitarajia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Mkuu alipita kati ya meza kama alivyopita Tusekile siku ya vyungu, akihema. Ngumi. Ngumi. Ngumi. Kisha akasimama mbele ya Lugano, ambaye viganja vyake vilikuwa wazi juu ya meza, kidole kimoja kikichora herufi polepole, ngozi mpya iking'aa ndani ya glavu. Jirani yake pia alikuwa amefungua, na wengine wanne.

"Nyie je? Nyie mbona hamjakunja?"

"Leo zamu yetu," Lugano alisema bila kugeuza shingo. "Ngwisa anaandika."

Kyando alifuata macho yake mpaka dirishani. Ngwisa alikuwa ameinamia kibao chake, chaki mkononi, akiivuta herufi moja ndefu kutoka juu kwenda chini. Mkono ulikuwa unatetemeka na kutulia, unatetemeka na kutulia.

Hasira ya Mwalimu Mkuu haikuwa na pa kwenda. Alivuta kiti kimoja cha watoto, akakikalia, magoti yakamfika kifuani, akaegemeza kiwiko kwenye meza ya Lugano.

"Anaandika nini?" aliuliza.

"Hajamaliza," Lugano alinong'ona. "Usitikise meza, Mwalimu Mkuu. Tukitikisika, atakosea."

Kyando akakiondoa kiwiko chake mezani, taratibu.